Kabla Hujaposti Ile Video ya Kedarnath

Agosti 5, 2025 kuna video ilizunguka kila mahali. Nina uhakika hata wewe uliiona, pengine bila kujua ni ya wapi. Kijiji kizuri kando ya mto, mahoteli ya ghorofa tatu nne, milima nyuma. Halafu kutoka juu kwenye korongo kunashuka kitu cha rangi ya tope, na kwa sekunde chache tu zile ghorofa zinaanguka kama maboksi ya viatu. Video imechukuliwa kutoka mbali, kwa hivyo watu wanaonekana wadogo sana. Wanakimbia. Wengine hawafiki.

Wengi wetu tuliiona ikiwa imewekwa muziki wa huzuni. Mimi niliitafuta yenye sauti yake halisi, na kwa hiyo unasikia miluzi. Wale waliokuwa wanarekodi walikuwa upande wa pili wa bonde, na huku simu iko juu wanapiga miluzi na mayowe ili walio chini wakimbie. Mtu aliyeondoa hiyo sauti akaweka piano alifikiri anaongeza kitu. Manze, aliondoa kitu pekee ambacho mtu alikuwa anajaribu kufanya pale.

Kijiji kilichosombwa kinaitwa Dharali. Kile cha ng'ambo, kilichokuwa kinapiga miluzi, ni Mukhba. Viko Garhwal, upande wa magharibi wa jimbo la Uttarakhand, India, pale Himalaya inapopakana na Tibet. Dharali iko kwenye barabara ya kwenda Gangotri, na Gangotri ni mojawapo ya mahali patakatifu zaidi kwa Wahindu duniani. Ndiyo maana kulikuwa na mahoteli mengi hivyo kwenye kijiji kidogo hivyo.

Sasa kwa nini kijana wa Nairobi anakuandikia kuhusu milima ya India? Sababu ya kwanza ni kwamba mimi hula kwa video. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo kodi inatoka kwa simu, kwa hivyo najua vile sehemu hutengenezwa iwe "lazima ufike." Sababu ya pili ni Anti.

Anti ana duka la vitambaa Ngara, na mimi ndiye humpigia video za duka. Ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake alizaliwa Kenya, Kiswahili chake kinashinda changu. Mwaka 2011 yeye na mumewe walienda hija Kedarnath. Mumewe alishafariki. Mwaka huu Anti anataka kurudi, lakini magoti yamekataa, na kwa sababu mimi ndiye "mtoto wa simu," aliniomba nimtafutie habari za helikopta. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Imenichukua miezi.

Acha kwanza niwaeleze hii sehemu, kwa sababu ni noma na siwezi kujifanya sio.

Watu wa huko huita jimbo lao Devbhumi, nchi ya miungu. Jimbo lenyewe ni changa, lilizaliwa Novemba 2000 likiwa na jina lingine, Uttaranchal. Kuna mahekalu manne ambayo hujaji huyazunguka, kawaida kutoka magharibi kwenda mashariki: Yamunotri, Gangotri, Kedarnath na Badrinath. Yote yako juu ya mita 3,000. Yote hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa baada ya Diwali, kwa sababu wakati wa baridi theluji inafunika kila kitu.

Yamunotri kuna chemchemi ya maji moto, na mahujaji hufunga mchele na viazi kwenye kitambaa, wanavitumbukiza humo, vinaiva, hiyo inakuwa sadaka ya kurudi nayo nyumbani. Kutoka Gangotri unaweza kutembea kama siku nzima hadi Gaumukh, mahali ambapo maji yanatoka chini ya ukuta wa barafu ya zamani. Barafu hiyo ina urefu wa kama kilomita 30. Yale maji yanaitwa Bhagirathi. Yanashuka, yanapinda, na pale Devprayag yanakutana na mto mwingine, Alaknanda. Mmoja huwa na rangi ya maziwa ya kijani, mwingine kahawia, na unaweza kuona mstari kati yao kabla havijachanganyika. Kutoka hapo ndipo mto unaitwa Ganga. Ule Ganga ambao mamia ya mamilioni ya watu wanautegemea huko chini, jina lake linaanzia kwenye kona moja ya mawe ambapo watu wanaoga wakishikilia minyororo ili wasibebwe.

Badrinath ni ya Vishnu, iko kando ya Alaknanda, na mbele ya hekalu kuna kidimbwi cha maji moto ambapo lazima uoge kwanza. Kuhani mkuu wa pale hatoki milimani. Kwa desturi anatoka Kerala, kule kusini kabisa mwa India, kwenye nazi na joto. Wanasema ulikuwa mpango wa Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, ili ncha mbili za nchi zifungwe kwa mtu mmoja. Hebu fikiria mzee wa Lamu aambiwe kazi yake ni kuongoza ibada kwenye theluji miezi sita kwa mwaka.

Halafu Kedarnath. Mita 3,583. Hekalu la mawe ya kijivu, mazito, halina urembo mwingi, na nyuma yake ukuta wa theluji wa karibu mita 7,000. Hakuna gari linalofika. Unaachwa Gaurikund na kutoka hapo ni kilomita kama 16 za kupanda. Asiyeweza kutembea anapanda farasi au baghala (mtoto wa punda na farasi, usichanganye na nyumbu wa Mara), au anakaa kwenye kiti kinachobebwa na wanaume wanne, au kwenye kapu ambalo mwanaume mmoja analibeba mgongoni. Ndiyo, mtu mzima ndani ya kapu mgongoni mwa mtu mwingine. Wengi wa hao wabebaji ni vijana kutoka Nepal, umri wangu na wako.

"Anti, uliogopa?" nilimuuliza.

"Kuogopa nini? Nilikuwa nahesabu hatua. Nikifika mia nasimama, nakunywa maji, naanza tena."

Aliniambia walikunywa chai mahali panaitwa Rambara, katikati ya njia, na mumewe akagombana na mwenye kibanda kuhusu bei ya biskuti. Alicheka akisimulia. Nikaenda kuitafuta Rambara kwenye ramani nimwonyeshe. Rambara haipo tena. Juni 16 na 17 mwaka 2013, baada ya mvua isiyo ya kawaida, ziwa dogo lililokuwa juu ya Kedarnath lilipasuka, na maji, mawe na tope vikashuka kwenye ule mji uliojaa mahujaji. Watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Rambara ilifutika, vibanda na wengi waliokuwemo. Hata njia ya kupanda ilibidi ijengwe upya upande wa pili wa mto, ndiyo maana zamani ilikuwa kilomita 14 na sasa ni ndefu zaidi.

Hekalu lilibaki. Jiwe kubwa mno liliviringika na maji likakwama nyuma yake tu, likagawanya mafuriko pande mbili. Leo watu wanaliabudu hilo jiwe pia. Sina shida na hiyo. Kama ningekuwa ndani ya lile hekalu siku zile, mimi pia ningelisalimia kila asubuhi.

Anti alijua kuhusu mafuriko, dunia nzima ilijua. Kuhusu Rambara hakujua. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na yule wa biskuti?" Ningemjibu nini?

Si mahekalu ya Wahindu peke yake yaliyoko huko. Juu kabisa, zaidi ya mita 4,300, kuna ziwa linaitwa Hemkund na kando yake gurdwara ya Wasikh, wale tunaowaita Kalasinga. Kama umewahi kushuka Mombasa Road na kula bure pale Makindu bila mtu kukuuliza dini yako, basi unajua wanavyopokea watu. Ni ukarimu ule ule, ila huko unaupata ukiwa huna pumzi na vidole vimekufa ganzi.

Njia ya Hemkund ndiyo hiyo hiyo ya kwenda Bonde la Maua. Julai na Agosti, wakati mvua inapiga, bonde zima linajaa maua ya kila rangi, pamoja na popi ya bluu, na nyuma kuna barafu. UNESCO waliliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Kila video kuhusu hili bonde inakuambia "liligunduliwa" mwaka 1931 na Mwingereza anaitwa Frank Smythe, aliyepotea njia akitoka kupanda mlima Kamet. Liligunduliwa! Wachungaji wa jamii ya Bhotia walikuwa wanapeleka kondoo humo vizazi na vizazi. Hii stori sisi tunaijua hadi mwisho, si hata Mlima Kenya una "mgunduzi" wake kwenye vitabu.

Na ajabu ni kwamba ni watu wale wale. Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon unalala Shipton's Camp. Eric Shipton alikuwa mkulima wa kizungu hapa Kenya, akapanda kilele cha Nelion mwaka 1929, halafu mwaka 1931 akawa kwenye kikosi kile kile cha Smythe kule Kamet. Mwaka 1934 yeye na Tilman, mkulima mwingine kutoka huku, wakaingia kwenye korongo la mto Rishiganga hadi chini ya Nanda Devi, mlima wa mita 7,816, mahali ambapo hakuna mgeni aliyekuwa amefika. Walikuwa na Masherpa watatu, mmoja wao Ang Tharkay. Kambi imeitwa Shipton. Kambi ya Ang Tharkay sijaisikia.

Likumbuke hilo korongo la Rishiganga.

Pale mdomoni mwake kuna kijiji kinaitwa Reni. Machi 1974 serikali ilikuwa imeuza miti ya msitu wao kwa mkandarasi. Siku wakataji walipokuja, wanaume wa kijiji walikuwa wameitwa mjini kwenda kulipwa fidia ya mashamba, yaani kijiji kilikuwa kimeachiwa kina mama na watoto. Msichana mmoja akawaona wakataji wanapita, akakimbia kumwambia Gaura Devi. Gaura Devi alikuwa mjane, hakusoma shule, ndiye kiongozi wa kikundi cha kina mama. Akakusanya wanawake 27, wakapanda msituni, wakasimama kati ya mashoka na miti. Walitukanwa, wakatishwa kwa bunduki, wakakesha hapo usiku. Wakataji wakaondoka. Hiyo ndiyo Chipko, neno linalomaanisha kukumbatia au kushikamana, na ndiyo iliyofanya mwaka 1980 serikali kusimamisha ukataji wa kibiashara kwenye misitu ya milima hiyo kwa miaka 15.

Wangari Maathai alianza Green Belt miaka mitatu tu baada ya Reni. Alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 1984, Chipko wakaipata 1987. Sijui kwa nini hatufundishwi hizi stori mbili pamoja. Waliosimama Karura wakilinda miti wangeelewana na kina mama wa Reni bila mkalimani.

Sasa sikia kilichofuata. Februari 7, 2021 kipande kikubwa cha mwamba na barafu kilibomoka juu huko, kikashuka kwenye Rishiganga. Chini kwenye mto kulikuwa na mradi wa umeme, jirani tu na Reni, na mwingine mkubwa zaidi huko Tapovan. Ya kwanza ilifutwa, ya pili ikajaa tope hadi ndani ya mahandaki. Watu zaidi ya 200 walikufa au kupotea, wengi wao vibarua waliokuwa kazini. Kijiji kilichookoa msitu wake kwa mikono mitupu kikawa kinaogopa kulala kwa sababu ya mto. Watu wa Reni walikuwa wamepinga ule mradi miaka mingi, hadi mahakamani.

Mwamba ungeanguka hata bila mradi, hilo ni kweli na lazima tuseme. Himalaya ni milima michanga, bado inasukumwa juu, mawe yake hayajatulia. Lakini vibarua wasingekuwa kwenye handaki mdomoni mwa korongo kama mtu hangeamua handaki liwe pale.

Ukishaona Reni unaanza kuona kila mahali. Joshimath ndio mji unaopitia ukienda Badrinath, na ndipo mungu wa Badrinath ana makao ya baridi. Mwaka 1976 kamati ya serikali iliandika wazi kwamba mji umekaa juu ya udongo wa maporomoko ya zamani, kwa hivyo majengo mazito yazuiwe na mawe ya pale yasilipuliwe. Watu wakajenga. Januari 2023 nyumba zaidi ya 800 zikapasuka kuta na familia zikahamishwa kwenye baridi kali. Wenyeji walilaumu handaki la ule mradi wa Tapovan linalopita karibu, kampuni ikakana. Novemba mwaka huo huo, siku ya Diwali, handaki la barabara ya kwenda Yamunotri likaporomoka likiwa na vibarua 41 ndani. Siku 17. Mashine ya kisasa ilivunjika kabla haijawafikia, mwishowe wakaokolewa na wachimbaji maskini waliochimba kwa mikono, kwa njia ile ya kutoboa kama panya ambayo India yenyewe imeipiga marufuku kwenye makaa ya mawe.

Na Dharali? Imejengwa juu ya tope ambalo kile kijito kilileta zamani. Kulikuwa na hekalu la kale la Shiva pale, Kalp Kedar, ambalo lilikuwa limezikwa na mafuriko ya enzi zile hadi watu wakalifukua. Yaani ushahidi ulikuwa umesimama katikati ya kijiji, watu wanauwashia taa. Agosti likafukiwa tena.

Kwa nini basi mtu ajenge hoteli hapo? Kwa sababu mimi na wewe tunakuja. Sawa, si mimi na wewe, lakini unanielewa. Mwaka 2023 waliofanya hija ya mahekalu hayo manne walipita milioni 5, na Kedarnath peke yake ilipata karibu milioni 2. Jimbo lote lilikuwa na watu kama milioni 10 kwenye sensa ya 2011. Ni kama Nairobi nzima ihamie Nyeri kwa miezi sita halafu irudi.

Wengi ni mahujaji wa kweli, wamechanga miaka kama vile Waislamu wetu wanavyochanga kwenda Makka. Lakini kuna kundi lingine na hilo ni letu, la watu wa kontenti. Mwaka 2022 jamaa alimpeleka mbwa wake Kedarnath na video ikavuma, kamati ya hekalu ikamshtaki polisi. Julai 2023 dada mmoja alipiga goti mbele ya hekalu akamchumbia mpenzi wake, simu ikiwa imepangwa vizuri kabisa. Mwezi huo huo simu na picha zikapigwa marufuku ndani ya hekalu. Mwaka 2024 serikali ya jimbo ikaongeza: hakuna kupiga video ndani ya mita 50 za mahekalu.

Nilipozisoma hizo habari sehemu ya kwanza ya kichwa changu ilikasirika. Nani amewapa mlima? Mapenzi ni dhambi? Na yule mbwa alikuwa mtulivu kuliko watu. Bado naamini uchumba haujamuua mtu, na serikali inayomfukuza dada na pete huku ikilipua milima ina utani. Barabara ya kuunganisha mahekalu manne, ya kama kilomita 900, ilizinduliwa Desemba 2016. Iligawanywa kwenye karatasi kuwa miradi 53, kila mmoja mfupi, na kwa kuwa kila mmoja ulikuwa mfupi haikuhitajika tathmini kamili ya mazingira. Huo ndio ujanja ambao mkandarasi yeyote wa kaunti angeupigia saluti.

Lakini lile swali la video halikutoka. Kwa sababu najua kazi yangu. Video ya sekunde 30 inafuta njia. Inakuonyesha hekalu na theluji na kengele, haikuonyeshi saa nane za kupanda, haikuonyeshi baghala mzee aliyeanguka, haikuonyeshi yule kijana wa Nepal na kapu. Ukishafuta njia kwa kioo, mtu anayeitazama anaanza kuuliza kwa nini njia iko hapo kabisa. Na kuna watu wenye pesa ambao kazi yao ni kujibu hilo swali. Machi 2025 serikali ya India ilipitisha mradi wa kamba za chuma kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, kilomita 12.9, na vibanda vinavyoning'inia vitakavyobeba hadi watu 18,000 kwa siku. Saa nane au tisa zitakuwa dakika 36.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba huo mradi ni laana, nikaposti, nikalala. Anti akanizuia bila kujua. Alisema, "Kwa hivyo mwenye goti baya asimwone Mungu?"

Bana.

Na si yeye tu. Ukiacha wageni, kuna wenyeji. Sensa ya 2011 ilikuta vijiji zaidi ya 1,000 vya jimbo hili havina mtu hata mmoja. Nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, kufuli mlangoni, nyasi juu ya paa. Vijana wameshuka Dehradun na Delhi kutafuta kazi, kama vile wewe ulivyotoka ushago ukamwacha shosho na mbwa. Ukimwambia mama mjamzito wa kule juu kwamba barabara ni mbaya kwa mlima, yeye anaishi saa ngapi kutoka hospitali? Mwenye baghala atapoteza kazi kamba zikija, lakini baghala wake ataishi. Mimi kijana wa Ngara nikiwaambia wabaki bila barabara ili bonde liendelee kuwa zuri kwenye skrini yangu, mimi na Smythe tofauti yetu ni simu tu.

Kwa hivyo msimamo wangu uko hivi, na unaweza kunipinga. Barabara, ndiyo. Lakini upana ni uamuzi, wala si bahati. Wataalamu waliowekwa na mahakama waligawanyika kuhusu ukubwa wa ile barabara, mwenyekiti wao Ravi Chopra alitaka nyembamba, na Desemba 2021 mahakama ikaruhusu pana kwa sababu za jeshi, maana China iko ng'ambo tu. Ravi Chopra akajiuzulu. Barabara nyembamba inampeleka mama hospitali. Ile pana inahitaji mlima ukatwe wima, na mlima uliokatwa wima kwenye mvua ya Julai hautabiriki. Mwenye kufunga barabara kwa maporomoko ndiye huyo huyo anayemchelewesha yule mama. Na idadi ya watu wa kila siku iwekewe kikomo kinachoheshimiwa, hata kama hoteli zitalia.

Helikopta nilimkatalia Anti mwenyewe. Juni 15, 2025 moja ilianguka karibu na Gaurikund ikitoka Kedarnath, watu saba wakafa, mmoja mtoto mdogo. Hali ya hewa kule juu inabadilika ndani ya dakika, bonde ni jembamba, na safari ni nyingi mno kwa siku. Tena tovuti feki za kuuza tikiti ni nyingi kuliko za kweli.

Katika kutafuta hayo yote ndipo nikakutana na kitu ambacho hakuna video iliyowahi kuniambia. Kedarnath ikifungwa baada ya Diwali, mungu hafungiwi huko ndani ya theluji. Sanamu yenye nyuso tano inawekwa kwenye kiti cha kubebwa, na watu wanashuka nayo kwa miguu kama siku tatu, kijiji hadi kijiji, hadi Ukhimath. Ibada ya miezi sita inafanyika huko. Ganga wa Gangotri naye anashushwa Mukhba, kile kijiji cha miluzi. Yaani watu wa milima walijua tangu zamani kwamba kuna miezi ambayo mlima unaachwa upumzike, na wakaipanga ndani ya dini yenyewe. Ukhimath iko chini sana, kama mita 1,300, na gari linafika hadi karibu na mlango. Wakati wa baridi mvua ni chache, maporomoko ni machache, na mahoteli ya hapo yanalia njaa.

Nilimpelekea Anti hiyo habari dukani. Aliisoma kwa miwani ya mumewe, akasema, "Mungu mwenyewe ameshuka, mimi nipande kumtafuta nani?" Nikadhani tumemaliza. Lakini dada yake wa Leicester amekataa katakata, anasema hiyo si Kedarnath, ni njia ya mkato, na mama yao alienda kwa miguu. Kikundi cha familia cha WhatsApp kimewaka wiki mbili sasa. Mpwa wao anasisitiza wangojee kamba za chuma. Anti amenyamaza tu huko ndani, ila jana aliniomba nimtafutie bei ya tikiti ya ndege ya Desemba, Nairobi hadi Delhi, na kutoka Delhi hadi Dehradun, mtu mmoja.